Kinanda cha Mama Feza wa Kashikishi

Nilifunga safari kwa ajili ya kinanda cha kuchezea cha watoto. Nikimwambia mtu hivyo ananiangalia kama nimerukwa na akili. Basi na aniangalie. Nimefundisha chekechea hapa Tunduma tangu nikiwa msichana mpaka nikastaafu, kuangaliwa hivyo nimeshazoea.

Wasionijua, niwaambie. Mimi ni yule bibi wa mtaa wa juu anayenunua vinanda vidogo vya plastiki kwenye marobota ya mitumba, vile vya zamani, vyenye vitufe vinavyotosha kidole cha mtoto tu. Navifungua, navisafisha, nalehemu nyaya zilizokatika, navipiga. Sauti zake ni uongo mtupu, tena uongo usiojificha. Palipoandikwa zeze, ukibonyeza unasikia mbu aliyekwenda shule. Rumba na mwendo wa jeshi vyote ni cherehani moja. Spika zake zina mchanga ndani, na betri zikichoka wimbo unashuka taratibu kama mtu anayesinzia katikati ya sala. Wanangu, wa Mwanza na wa Dar, waliwahi kuniletea kinanda kikubwa kipya, kinachotoa sauti za bendi nzima. Nikakigawa kanisani. Kile kinajua kila kitu, mimi nitakiambia nini?

Ukweli ni kwamba nikivipiga vile vidogo jioni, ni kama kuna watu chumba cha pili. Baba watoto alishatangulia, vyumba ni vinne na mimi ni mmoja. Sina sababu ya kuwadanganyeni.

Sasa, mama mmoja anayeleta magunia ya dagaa Nakonde, upande wa pili wa mpaka, alikuwa amesikia habari zangu sokoni. Siku moja akanirushia ujumbe wa sauti uliotoka Kashikishi, kwenye Ziwa Mweru, mpakani mwa Zambia na Kongo. Alikuwa anaongea mwanamke nisiyemjua, kwa Kiswahili cha Kongo, ananiita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, banasema weye unatengenezaka binanda bya batoto. Kyangu kiko na bwana yangu ndani. Betri inaanza kushindwa. Kuya mbio, ataenda."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, maana nilimwelewa. Kuna aina moja ya vinanda hivyo yenye tundu dogo la maikrofoni. Unabonyeza kitufe, unaimba neno moja, na kinanda kinalishika. Baada ya hapo kila kitufe kinaimba kwa sauti yako, nene upande wa kushoto, nyembamba kulia. Lakini kinalishika kwa nguvu ya betri tu. Unaweza kukizima na kukiwasha utakavyo, sauti ipo. Toa betri, hata kidogo tu, kabla ya kukibania umeme mwingine, sauti imekwenda na hairudi. Kwa hiyo yule mama alikuwa na sauti ya mumewe humo, na siku atakapokosea kubadilisha betri, ataipoteza. Nikafunga begi.

Asubuhi ya kuondoka nilivuka mpaka kwa miguu, chuma changu cha kulehemu kikiwa kimeviringishwa kwenye kitenge. Ofisa wa forodha alikitoa, akakigeuzageuza, akaniuliza naenda kufanya nini Zambia. Nikamwambia naenda kumwona mgonjwa. Akanipa pole.

Kasama tulifika na basi jua limeshazama. Nililala kwenye nyumba ya wageni yenye baridi, na aliyenihudumia hakujua Kiswahili wala mimi sikujua Kibemba, basi tukatabasamiana kama wajinga wawili. Kesho yake ikawa njia ya Luwingu kwenda Mansa, miti na miti, nyumba za udongo zenye baiskeli zimeegeshwa, watu wameketi na mifuko ya mkaa wakisubiri wanunuzi. Jirani yangu kwenye basi alilala kutwa. Nilikuwa na maneno mengi siku ile na hapakuwa na wa kumpa. Nikajikuta nawaza kwamba hata nyumbani ningekuwa hivyohivyo, tofauti ni kwamba huku kuna dirisha.

Nikalala Mansa, na kutoka hapo barabara inafuata bonde la Luapula. Mto wenyewe huuoni, unaona mabwawa, mihogo iliyoanikwa kando ya lami, makanisa, tena mihogo. Baada ya Mwense hewa ikaanza kuwa na unyevu. Nchelenge tulipita bila kusimama sana, maana Nchelenge na Kashikishi zimeshikana, huwezi kujua moja inaishia wapi. Niliteremka bandarini Kashikishi alasiri, na kabla ya kuliona ziwa nikalinusa. Dagaa wao, wanaowaita chisense, walikuwa wametandazwa kila mahali kwenye mchanga, na wanawake wanawapindua kwa mifagio.

Mama Feza, yule wa ujumbe, nilimtambua kwa sauti aliponiita. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, labda miaka hamsini, kitambaa cheusi kichwani. Alivuka ziwa kwa mashua mwaka ule wa vita upande wa kwao, Pweto, Kongo, akapokelewa kambi ya wakimbizi ya Kenani pamoja na wenzake, kisha akatoka akaja hapa kuuza samaki. Binti yake, Feza mwenyewe, ameolewa Chienge.

"Karibu, Yaya. Ulichoka. Bukari iko tayari, lakini kwanza umuone."

Umuone, alisema, si ukione. Nikavua viatu.

Chumba chake kilikuwa kimoja, kisafi, na kinanda kilikuwa juu ya meza peke yake, kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Mfuniko wa betri ulifungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli, na ndani alikuwa amesokomeza karatasi za kung'aa za pakiti za majani ya chai, maana springi zilikuwa zimeliwa na kutu. Akakiwasha kwa ncha ya kidole. Akabonyeza.

"Aaa."

Mwanamume. Sauti nene, yenye chembechembe, imekatwa ghafla mwishoni kama mtu aliyefungiwa mlango. Akabonyeza vitufe vitatu taratibu na yule mwanamume akaimba mwanzo wa pambio, aaa, aaa, aaa. Nimefungua vinanda vingi maishani mwangu, lakini sijawahi kukuta mtu ndani.

Asubuhi iliyofuata nilianza kazi. Jambo la kwanza nikamwomba ruhusa nirekodi ile sauti kwenye simu yangu, kwa usalama.

"Apana."

"Mama Feza, kitu kikiharibika je? Dakika moja tu."

"Apana, Yaya. Telefone ni ya kila mutu. Sauti ya bwana yangu haitatembea mu WhatsApp."

Nikaomba tena, akatikisa kichwa. Mali ni yake. Basi tukapanga hivi: kabla ya kugusa zile springi, tukilishe kinanda umeme kutoka mahali pengine ili kisilale hata kidogo. Jirani yake, mvuvi Mzambia aliyeokota Kiswahili kwa Wakongo, anayeitwa Bashi Mwansa, yaani baba yake Mwansa, akatuazima betri ya taa. Wavuvi wa huku huvua chisense gizani kwa taa zinazoelea, na mchana betri za taa hizo hukaa kwenye milango ya watu zikila jua. Niliipima ile betri, ikafaa. Nikaiacha hapo kizingitini ilipo paneli ya jua, nikavuta nyaya mbili mpaka mezani, nikazibana vizuri, na ndipo nikathubutu kutoa betri za zamani. Mama Feza alikuwa amefumba macho. Nikabonyeza kitufe. "Aaa." Akafumbua.

Nikaona nimpe pole ambayo sikuwa nimempa. "Pole kwa msiba, mama. Alifariki mwaka uleule wa vita?"

"Nani?"

"Mumeo."

"Msiba gani?" Akanishangaa. "Bwana iko muzima! Iko Kolwezi, na bibi ingine na batoto. Mushemeji yangu alinipa namba yake."

Nikabaki na koleo mkononi. Nimetoka Tunduma, nimelala Kasama kwenye baridi ile, kwa ajili ya mwanamume mzima anayekula na kunywa huko Kolwezi, Kongo!

"Sasa si umpigie tu?"

"Nimupigie juu ya nini?" Akavuta kiti karibu. "Yaya, sikia. Siku aliimba mu iki kinanda, tulikuwa Pweto, shiye babili tu, tunacheka. Alinipendaka kabisa. Ule wa Kolwezi miye simuyue. Uyu wa mu kinanda njo bwana yangu."

Nikawasha jiko la mkaa nipashe chuma.

Alasiri springi mpya zilikuwa tayari, nimezikata kwenye kalamu kuukuu. Ilibaki kulehemu sehemu mbili. Chuma kilikuwa kimepoa, nikakirudisha jikoni kishike moto, na Mama Feza akaniita nyuma ya nyumba, chakula kinapoa. Tukala bukari, yaani ugali, na samaki, tukachelewa kidogo, maana alikuwa ananisimulia alivyotapika kwenye mashua siku ya kuvuka, akiwa amekishika kinanda juu ya kichwa kama sinia. Tulicheka sana. Ninyi mnaokula na watu kila siku hamjui kucheka vile kunavyochelewesha.

Tuliporudi ndani, nyaya zangu zilikuwa mezani, zimeviringishwa vizuri, zimewekwa juu ya kinanda. Kizingitini hapakuwa na betri.

Lazima niwaeleze desturi ya hapa, vinginevyo mtamlaumu mtu bure. Mwezi ukiwa gizani, mashua zote hutoka kabla ya jua kuzama, na mashua haimsubiri mtu. Kwa hiyo jioni ikikaribia kila mvuvi hupita milangoni akiokota betri zake, bila hodi, bila salamu. Si wizi wala utovu wa adabu, ndivyo kazi inavyokwenda. Bashi Mwansa alipotuazima betri yake, moyoni mwake alituazima mpaka saa ya mashua. Mimi nilielewa mpaka nitakapomaliza. Hatukuulizana.

Mama Feza alibonyeza kitufe. Kimya. Nikalehemu haraka, nikaweka betri mpya, nikakiwasha. Filimbi ikalia vizuri, zeze likalia, ile rumba ya cherehani ikapiga. Pale palipokuwa na mwanamume pakatoka ukelele mkavu wa mashine.

"Ameenda," akasema.

Nilitaka ardhi inimeze. Nikalia mimi kabla yake.

Jua lilipokaribia kuzama Bashi Mwansa alikuja mbio kutoka ufukweni, mtu kamwambia. Ni mtu mzito wa makamo, suruali imekunjwa magotini. Alikuwa ameikumbatia ile betri. Akaiweka mezani polepole, akachukua nyaya zangu, akajaribu kuzibana palepale zilipokuwa.

"Mama, nimerudisha. Funga tena. Atarudia."

"Harudie, Bashi Mwansa," Mama Feza akamjibu.

"Nilifikiri ni paka saa ya bwato. Mi sikuyua muko katikati."

"Si weye. Enda ku mayi, benzako banakungojea."

Hakwenda. Alivua kofia, akaketi chini nje ya mlango, na mashua yake ikabaki mchangani huku nyingine zikisukumwa majini. Mke wake akaja na mkeka. Wakaja wanakwaya wenzake wa kanisani, Wakongo na Wabemba, maana kumbe wote walikuwa wanamjua yule mwanamume wa kwenye kinanda. Kila Jumamosi aliwapa sauti ya nne kwenye mazoezi, kwaya yao haina wanaume. Mmoja kaleta kuni, mwingine sukari. Ikawa kilio kabisa, kama mtu kafa.

"Batu bangu, mutu hakufa," Mama Feza akawaambia.

"Tunajua, mukwai," mke wa Bashi Mwansa akasema kwa heshima ya Kibemba, akaongeza kuni.

Nilikaa kwenye kona. Siku ya msiba wa baba watoto, Tunduma, watu walikuwa wengi nikawa peke yangu. Hapa sikuwa nimefiwa na mtu, na bado niliona upweke uleule umenikalia kifuani, nikaona aibu, maana kilio hakikuwa changu.

Kulipokucha Mama Feza alinawa uso, akafunga kitambaa upya, akachukua simu.

"Nitamupigia," akasema. "Aliimba siku ile, aimbe tena leo. Ni kintu gani?"

Wanawake wakasogea mezani. Aliweka simu kwenye sauti kubwa, mdomo wa simu ukielekea kile kitundu cha maikrofoni, na mimi nikaambiwa nishike kitufe cha kurekodi. Simu ikaita sana. Mwishowe akapokea mwanamume.

"Alo?"

Haikuwa sauti ile. Ilikuwa imekonda, imeota ukungu, sauti ya mtu aliyelala vibaya.

"Njo miye, Mama Feza. Usiseme mingi. Uimbe tu aaa, kama siku ya Pweto. Kinanda kiko apa."

"Kile kinanda kiko?" akauliza, taratibu sana.

"Kiko. Imba."

Alikohoa. Nilimsikia akivuta pumzi, na Mama Feza akaniashiria kwa jicho. Nikabonyeza.

"Aaa..."

Nikaachia. Simu ikakatika, sijui yeye kaikata au mtandao. Tukaangaliana. Mama Feza akakunja vidole, akavikunjua, akabonyeza kitufe cha katikati.

"Aaa, njo nani?"

Neno la pili, la kuuliza ni nani, lilikuwa la mwanamke. Alikuwa nyuma ya yule bwana, kwa mbali, sisi hatukumsikia, ameuliza tu, kama mke yeyote angeuliza simu ya alfajiri. Na kinanda kikamshika naye.

Mama Feza akabonyeza kitufe kingine. "Aaa, njo nani?" Upande wa kushoto mke wa Kolwezi akawa na sauti ya dume la nyani. Upande wa kulia akawa kifaranga. "Njo nani? Njo nani? Njo nani?"

Mke wa Bashi Mwansa ndiye aliyeanza, alishindwa kujizuia. Kisha wote. Mama Feza mwenyewe alicheka mpaka akakishikilia kinanda kisianguke, na katikati ya kucheka akageuka kulia, kulia kwa kweli, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu jana. Hakuna aliyemnyamazisha. Alipomaliza akakipindua kinanda, akafungua mfuniko nilioutengeneza, akatoa betri zote kwa mkono wake.

"Bashi Mwansa," akaita, "leo uende ku mayi."

Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka stendi, mkono wangu ndani ya mkono wake. Nikamwomba radhi tena. Akanikanya.

"Yaya, ukisema tena ile maneno, nitakuuzia samaki ya kuoza."

Basi lilipoondoka alikuwa tayari ameshageuka, anakimbilia soko.

Njiani kurudi, Mansa, Luwingu, Kasama, nilikuwa na saa nyingi za kufikiri, na sitazipamba. Nilikuwa nadhani navipenda vile vinanda kwa sababu havina makuu. Sivyo. Navipenda kwa sababu vinaimba bila kuniuliza chochote, na sauti isiyouliza haiwezi kunikataa. Mama Feza alikaa na mumewe wa namna hiyo miaka, salama kabisa. Ilibidi mke wa mtu aulize "nani" ndipo alie. Mimi nyumbani kwangu nani anauliza "nani"? Nilifika Nakonde na swali hilo nikiwa nimelichukia.

Tunduma niliingia saa za magharibi. Nilikuwa nahangaika na kufuli simu ilipoita, namba ya Zambia.

"Yaya, ulishafika?"

Ni miaka sijaulizwa. Wanangu hawana habari kama nilisafiri.

"Nimefika," nikasema.

Upande wa pili pakawa na purukushani, mtu akacheka, na mara nikasikia sauti ya bibi mmoja, yenye mchanga, imekatwa mwishoni: "Nimefika." Kisha nene, kama ya mlevi: "Nimefika." Kisha nyembamba, kitoto kabisa, mfululizo, kwa mwendo wa lile pambio: "Nimefika, nimefika, nimefika." Na kwaya nzima ya Kashikishi ikaangua kicheko.

Nikasimama pale na begi begani, nyumba iko giza mbele yangu, nikawasikiliza wakinicheka mpaka bando lao lilipokwisha. Halafu nikaingia ndani.